Beji saba za haraka

Nilikabidhiwa skauti wa shule yetu kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu kijana kuliko wote na sikuwa na familia ya kunisubiri saa kumi jioni. Shule iko juu ya Uyole, Mbeya, ukipandisha kuelekea milima ya Uporoto, kule ambako mwezi wa sita mtoto anafika darasani vidole vimekufa ganzi na mwalimu anaandika ubaoni na koti mwilini. Mlezi aliyenitangulia alikuwa amehama. Aliniachia filimbi, kamba za katani, skafu kumi na mbili zilizopauka, bahasha ya beji za daraja, na daftari lenye majina 31. Wasichana 17, wavulana 14.

Ile bahasha ndiyo iliyoniponza.

Siku moja tukaambiwa wiki ijayo kuna mgeni, na shule ikataka skauti wapendeze. Nikafungua bahasha nikagawa beji saba. Sikumpima mtu. Niliwapa waliokuwa na sare kamili, waliosimama mbele, na waliokuwa wakiitikia "Uwe tayari!" kwa sauti ya kutikisa mabati. Wote saba walikuwa wavulana, na nakiri kwamba wakati ule hata sikuliona hilo.

Kumbe mgeni mwenyewe aliwahi kuwa skauti. Alipita mstarini akisalimia kwa mkono wa kushoto, akafika kwa kiongozi wa patroli ya Nyati, moja ya vikundi vidogo vya skauti wetu, akaitazama beji, akavua skafu ya kijana na kumrudishia mkononi. "Haya, mkono wangu umevunjika. Nifunge." Kijana aliishika ile skafu kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa wenyewe. Akaizungusha shingoni kwa mgeni mara mbili, akapiga fundo la kamba ya viatu, na mkono wa mgeni ukachomoka hapo hapo ukaning'inia. Shule nzima ikacheka. Mgeni hakusema kitu. Aliikunja skafu pembetatu, akaifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno, akaendelea na mstari mkono ukiwa kifuani.

Jioni ile kijana aliiweka beji mezani kwangu, akaondoka bila kuaga. Wiki tano hakukanyaga skauti. Na aliyestahili kuchekwa nilikuwa mimi.

Ndipo nikalichukua daftari la mwenzangu na kuhesabu. Katika miaka miwili walikuwa wamepanda daraja watoto tisa. Msichana alikuwa mmoja, naye alikuwa binti wa mwalimu, anakaa nyumba za shule, hatua mia moja kutoka bendera. Nikawauliza wale wengine mbona hawaji kupimwa. Walitazamana kwanza, kama wanaopima kama mwalimu ni mzima.

"Mwalimu, Jumamosi si tunachimba viazi?"

Wavulana nao wanachimba. Ila mvulana akitoka shambani saa sita amemaliza; msichana akitoka shambani anaanza maji, anaanza jiko, anabeba mdogo wake mgongoni. Majaribio ya madaraja yalikuwa Jumamosi saa nane. Mtu akipanga saa nane ya Jumamosi kwetu huku, ameshachagua nani atapanda na nani atabaki, hata kama hakukusudia.

Hili la wasichana kubaki pembeni ni la tangu mwanzo. Septemba 1909 Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliwakusanya skauti Crystal Palace, London, na wasichana wakajitokeza nao, wamejitengenezea sare, wanajiita skauti. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao cha Girl Guides, dada yake Agnes akiwa mbele. Marekani, chama kikubwa cha skauti wa kiume kiliwafungulia wasichana ngazi yake ya madaraja Februari 2019, na kundi la kwanza la wasichana waliofikia Eagle, daraja la juu kabisa linalodai beji 21 za ujuzi, likatangazwa 2021. Sisi Tanzania skauti inapokea wote, na sisi shuleni wasichana ndio walikuwa wengi. Waliandikishwa, waliapa, walivaa skafu, kisha wakakaa palepale kama gari lililoishiwa mafuta.

Jambo la kwanza nililobadili lilikuwa siku. Nilifuta mtihani wa Jumamosi. Badala yake, Jumatano na Ijumaa baada ya vipindi, robo saa, jambo moja tu. Leo kufunga jeraha, wiki ijayo alama za njia. Anayeweza anapimwa, asiyeweza anarudi Ijumaa. Hakuna aliyefeli, kuna ambaye bado.

La pili lilinichukua muda zaidi, na sikulifikiria mwenyewe. Nilifundishwa na gunia.

Kulikuwa na msichana wa darasa la sita, mpole, asiyenyoosha kidole. Nilimpima mafundo. Karatasi yangu iliuliza kwanza jina la fundo, majina yenyewe ya Kiingereza. Hakujua hata moja. Nikaandika sifuri, nikaita anayefuata. Kesho yake nikiteremka kwenda Uyole nikamkuta kando ya barabara na mama yake wanapakia viazi. Alikuwa amepiga goti juu ya gunia, ncha ya kamba ameibana kwa meno, mikono miwili inasuka kilemba juu ya mdomo wa gunia kwa kasi ambayo macho yangu yalishindwa kuifuata. Gunia likafunga. Kisha akaruka chini, akaipitisha kamba kwenye bomba la keria, akairudisha juu ya yenyewe, akaipenyeza, akavuta kwa uzito wa mwili wote. Fundo lile ndilo nililomwandikia sifuri jana yake.

"Shikamoo mwalimu," akasema, na kamba ikiwa bado mdomoni.

Niliomba anionyeshe tena taratibu. Mama yake alicheka hadi akakaa. Aibu ndogo ni kwamba gunia lenyewe lilikuwa lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na lumbesa serikali imepiga marufuku, kwa hiyo nisingeweza kumpa mtoto alama ya skauti kwa kuifunga vizuri. Jumatano nikaleta gunia la kawaida, nusu, nikamwambia afunge hilo. Akafunga. Kisha nikamfundisha majina, ikachukua dakika kumi. Miezi mingapi watoto wangu walikwama kwa sababu ya dakika kumi?

Tangu hapo karatasi yangu inaanza na kufanya, jina linafuata. Nikarudi pia kusoma majaribio ya zamani kabisa, yale ya 1908, nikakuta mengine yametungwa kama kwa watoto wa Uporoto. Aliyetaka daraja la pili alitakiwa kukoka na kuwasha moto kwa njiti zisizozidi mbili, na kupika robo ratili ya nyama na viazi viwili kwa sufuria ya kambini tu. Viazi viwili! Nilipowasomea walidhani nawatania. Na daraja la chini kabisa, nikawaambia, wazungu waliliita kwa jina lenye maana ya mguu laini. Hapo watoto waliinua nyayo zao zilizopasuka kwa baridi, wakaulizana nani kati yao ana mguu laini. Walikubaliana ni mimi.

Siku ya moto kulikuwa na ukungu na kuni zilikuwa za mkaratusi, mbichi nusu. Wavulana wawili walimaliza njiti zao wakibaki na moshi. Wasichana walizunguka mpaka kwenye mipaini nyuma ya choo, wakarudi na sindano kavu za chini na vijiti vyenye utomvu, wakajenga kiota, wakageuza migongo kuziba upepo. Njiti moja. Ya pili wakanirudishia. Nani angewashinda? Wanawasha moto kila alfajiri kabla ya kuja kwangu kufundishwa.

Kuhusu kipimo nina neno. Baden-Powell aliwahimiza walezi wapime zaidi juhudi aliyotia mtoto kuliko ubora wa kazi yenyewe. Nakubali kwa kupika, kwa kuogelea, kwa kazi za mikono. Kwa huduma ya kwanza sikubali. Mkono ukichomoka umechomoka, hata kama mfungaji ametoka jasho. Ndiyo maana huduma ya kwanza siipimi mimi. Niliongea na muuguzi wa zahanati akakubali kuja mara moja kwa mwezi, na hana huruma. Mafundo anapima fundi seremala. Bustani anapima mzee mmoja mkulima wa kabichi, ambaye humrudisha mtoto akikuta tuta limepinda. Mlezi hapaswi kupima watoto anaotaka wapendeze mbele ya wageni. Mimi nilishajijua.

Kiongozi wa Nyati alirudi wiki ya sita. Hakuna hotuba niliyompa. Nilimwambia tu kwamba beji yake iko droo ya juu, na muuguzi anakuja Ijumaa. Aliyemfundisha pembetatu, nilikuja kujua baadaye, ni yule msichana wa magunia, nyuma ya jiko la shule. Muuguzi alimrudisha mara mbili. Mara ya tatu aliuvuta mkono, akautikisa, akampa kalamu achague mahali pa sahihi. Wale sita wengine nao nilikuwa nimewaomba beji zao. Wanne walipimwa upya wakazipata. Wawili waliacha skauti, na mmoja wao baba yake hanisalimii mpaka leo.

Tatizo lililobaki lilikuwa kutambuliwa. Beji tulizoagiza na kulipia zilichelewa mno, na mtoto wa miaka kumi na miwili ukimwambia umepanda daraja lakini subiri, anasikia umemdanganya. Fundi cherehani mmoja Uyole alijitolea kunishonea zinazofanana, bei poa. Nilishawishika, kusema kweli. Lakini beji isiyotoka chamani ni pambo, na nilikuwa nimeshachezea beji mara moja.

Kwa hiyo nikanunua madaftari madogo ya kurasa 48, moja kwa kila mtoto. Kila jambo alilofaulu linaandikwa: nini, lini, nani kapima, sahihi. Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu anasoma mistari mipya, si "amefanya vizuri" bali "Amewasha moto kwa njiti moja, kuni mbichi, ukungu." Kisha mtoto anakwenda nalo nyumbani. Sikutarajia kitakachotokea huko. Bibi mmoja asiyejua kusoma alimsomesha mjukuu wake daftari lile kila mgeni akija, mpaka jalada likatoka. Mama mwingine alikuja shuleni kulalamika kwamba binti yake ameandikiwa kufunga jeraha lakini hajaandikiwa kumtunza mdogo wake alipougua. Nilimuuliza muuguzi. Akasema mwenye kujua kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, kwa vipimo sahihi, anajua kitu. Alimpima, akaandika. Beji zilipofika hatimaye, watoto walizifurahia, walizishona, na daftari wakaendelea kulidai.

Baada ya mwaka, waliopanda daraja walikuwa kumi na wawili. Wasichana saba.

Safari ndiyo ilikuwa ngumu. Jaribio la zamani la daraja la kwanza ni maili 7 kwenda na 7 kurudi, kama kilometa 22, kisha unaandika ulichoona. Kwa wavulana wazazi walisema sawa. Kwa wasichana wakasema mwalimu, njia ile ina mapori ya miti, watoto wa kike hawaendi. Sikubishana, maana hofu yao si ya kijinga. Nilipanga waende wawili wawili, mchana, likizo ya Juni, njia wanayoijua, na vituo vitatu vya watu wazima wa kuweka sahihi: mwenyekiti wa kitongoji, zahanati, na mwenye duka mwisho wa safari. Baba wa msichana wa magunia alikuwa bado anatikisa kichwa. Mama yake akaniangalia.

"Mwalimu, kuni anafuata mbali kuliko huko, na hajawahi kupewa hata shukrani. Mwandikie aende."

Waliondoka saa moja asubuhi, yeye na mwenzake, na chupa ya maji na viazi vya kuchemsha. Walitakiwa kurudi saa tisa. Saa nane ukungu ukashuka, ule wa kufuta nguzo za umeme. Saa tisa na nusu sikuwaona. Saa kumi nikachukua bodaboda, kiongozi wa Nyati akapanda nyuma yangu bila kuombwa, tukapandisha mpaka zahanati. Wamepita muda mrefu, tukaambiwa, wanateremka. Tukarudi polepole tukipiga filimbi kila kona. Kimya. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia yule mama.

Getini kijana alimgonga dereva begani asimame. Akashuka, akainama kwenye tope chini ya nguzo ya bendera. Kulikuwa na duara lililochorwa kwa kijiti, na nukta katikati, alama niliyowafundisha Jumatano moja, ile iliyoko kwenye kaburi la Baden-Powell kule Nyeri. Pembeni yake daftari mbili juu ya jiwe, zimefunikwa kwa skafu zisilowe.

"Wamesharudi nyumbani, mwalimu," akasema. "Wamepita njia ya mkato."