Herufi moja ya usermod ilivyonifungia nje

Saiba ya shangazi yangu iko Majengo, na ina kompyuta nne za mtumba. Mimi ndiye niliyeziwekea Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa hiyo jina langu liliingizwa katika kundi la sudo, kundi la wanaoruhusiwa kutoa amri kwa mamlaka ya root. Root mwenyewe, mtumiaji asiyezuiwa na kitu, Ubuntu huifunga akaunti yake tangu mwanzo. Paswadi yake hupewi. Unatumia yako, na unaiomba ruhusa amri kwa amri.

Mimi nikaiomba kwa kila kitu. Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ikinikatalia, nilirudia amri ileile na kutanguliza sudo, ikapita. Hata barua za wateja nilizianzisha hivyo, zikawa mali ya root, na nikirudi kama mimi haziandikiki. Hilo nililitengeneza kwa chown, amri ya kubadili mwenye faili, nikasahau.

Kisha ikaja printa ndogo ya risiti. Ilijitokeza kama /dev/ttyUSB0, na ili niitumie ilinibidi niwe kwenye kundi la dialout, la wanaoruhusiwa kutumia vifaa vya namna hiyo. Jioni, nikiwa na haraka ya kuwahi feri ya Likoni, niliandika sudo usermod -G dialout na jina langu; usermod ni amri ya kubadili akaunti ya mtumiaji. Mashine haikulalamika. Nikazima, nikaenda zangu.

Asubuhi risiti ilitoka vizuri. Nilipotaka kusasisha programu, sudo ikanijibu kwamba jina langu halimo kwenye faili la sudoers, lile lenye kanuni za nani anaruhusiwa sudo, na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Moyo ulinienda mbio. Mashine ile ndiyo yenye kazi zote za shangazi, na wateja walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi.

Nilimpigia fundi mmoja wa Mwembe Tayari, mtu mzima ambaye sote twamwita Ami. Hakuniuliza paswadi. Aliniuliza, "Mwanangu, uliandika -G au -aG?"

Nikamwambia, -G.

"Basi umejitoa makundi yote, ukabaki na hilo moja. Ile a ndiyo inayosema ongeza. Bila hiyo, orodha mpya hufuta ya zamani."

Na kuripotiwa kule, akanieleza, ni kwa msimamizi wa mashine hiyohiyo: huandikwa kwenye kumbukumbu zake, kwa kawaida /var/log/auth.log. Nilishusha pumzi.

Akaniongoza kwa simu. Niliwasha upya huku nimebonyeza Shift (kwenye mashine mpya zaidi huwa ni Esc), nikachagua hali ya uokoaji, kisha root. Hapo diski huwa ya kusomwa tu, kwa hiyo kwanza mount -o remount,rw / na baada yake usermod -aG sudo na jina langu. Nikarudisha na makundi mengine niliyoyapoteza, adm na plugdev miongoni mwao. Nikawasha tena, nikaandika groups, nikayaona yote yamo.

Kilichonikaa rohoni baadaye ni kwamba nilikuwa nimeingia kama root bila kuulizwa paswadi yoyote. Mteja yeyote anayekaa mbele ya mashine ile angeweza kufanya vivyo hivyo. Siku hiyohiyo niliihamishia nyuma ya kaunta, ndani ya kabati lenye kufuli. Zile tatu za wateja nilizifungulia akaunti ya kawaida, isiyo na sudo.

Mimi mwenyewe nimebadilika mkono. Amri nisiyoielewa, naifungulia man, maelezo yake yaliyomo kwenye mashine, kwanza, naisoma hadi nijue kila herufi inafanya nini, ndipo naitangulizia sudo. Ukishatoa paswadi, Ubuntu haikuulizi tena kwa dakika 15, na dakika hizo mtu hujisahau. Nikimaliza kazi naandika sudo -k, ruhusa inafutika papo hapo. Faili la sudoers siligusi kwa kihariri cha kawaida. Natumia visudo, maana hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi, na kosa dogo mle laweza kumnyima kila mtu sudo.

Sudo iliandikwa mwaka 1980 hivi na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, chuoni Buffalo, New York, na ilikusudiwa mashine inayotumiwa na wengi. Kwetu saiba ni hivyohivyo, kwa hiyo nilijiuliza shangazi anahitaji nini hasa. Anahitaji kitu kimoja: printa kubwa ikikwama, huduma ya cups, inayosimamia uchapishaji, iwashwe upya. Nikafungua visudo -f /etc/sudoers.d/printa, nikaandika mstari mmoja wa kumruhusu amri hiyo tu:

shangazi ALL=(root) /usr/bin/systemctl restart cups

Juzi feri ilichelewa, nami niko Likoni. Simu ikalia. "Usijisumbue, mwanangu," akasema shangazi, "nishaiwasha mwenyewe, inachapa." Nilipofika nilifungua auth.log, nikaikuta amri yake, na saa yake.