Kabla gari haijafika: kazi ya ambulensi huku Uingereza na nyumba zetu za Pemba

Assalam alaykum ndugu zangu wa Pemba na Unguja, na nyinyi mlotawanyika kama mie.

Kila nikipiga simu nyumbani bimkubwa ananiuliza kwanza kama nimekula, halafu ananiuliza kama kuna mtu kanifia mkononi. Kwake yeye kazi yangu ndio hiyo, kukimbia na gari inayolia na kubeba watu wanaokufa. Simlaumu, na wengi mnaoniandikia mnaiona hivyo hivyo. Leo nimepata mapumziko nimesema nikae niieleze vizuri, kwa sababu kuna jambo limenikaa muda mrefu, la kumsaidia mtu kabla gari haijafika, nalo linawahusu nyinyi mlioko huko kuliko linavyonihusu mie.

Mie ni paramediki, yaani mhudumu wa ambulensi alosomea kutibu wagonjwa wa dharura, mzaliwa wa Wete. Huku lazima usome digrii halafu usajiliwe na chombo cha kusajili watu wa fani za afya kinaitwa HCPC, bila ya hapo sheria haikuruhusu kujiita paramediki. Nilianza chini, msaidizi kwenye gari, na hata huo usaidizi ikabidi kwanza nichukue leseni ya C1 mana ambulensi nyingi zinapita tani 3.5 na leseni ya kawaida haitoshi. Kusoma kukaja baadae, nasoma huku nafanya kazi, na tuliopita njia hiyo tunajua usingizi ulivyo na thamani.

Shifti ni masaa 12, saa moja kwa saa moja, lakini saa ya kutoka usiitegemee, ukipata mgonjwa robo saa kabla ya kumaliza huyo ni wako mpaka umfikishe. Asubuhi kabla ya kitu chochote mnakagua gari, mitungi ya oksijeni, betri za mashine ya moyo, begi la dawa kama lakiri yake haijakatwa, mashine ya kufyonza matapishi, mablanketi. Mwenzangu ni mama wa Kiingereza, mtu mzima, kaifanya kazi hii miaka mingi, na mpaka leo anafungua kila droo kwa mkono wake hata kama walotoka usiku wameandika kila kitu kipo.

Watu wanadhani ni damu na ajali kila siku. Ajali zipo na visu vipo, lakini kazi kubwa ya kila siku ni wazee. Kikongwe kaanguka chooni usiku hawezi kuinuka, yuko peke yake ndani ya nyumba, shingoni ana kidude cha kubonyeza ndio kimepiga simu. Mkifika mlango umefungwa, pembeni ya mlango kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye namba, mnapewa namba na kituo cha simu, mnatoa ufunguo, mnaingia mnaita jina lake gizani. Mtu akilala sakafuni masaa mengi misuli inaharibika na figo zinaweza kuathirika, kwa hiyo hata kama hajavunjika kitu huwezi kumuinua tu ukaondoka. Hapo ndio nnapoona malezi ya kwetu yananisaidia, sisi tumefunzwa mtu mzima humsimamii kichwani ukazungumza nae, unakaa chini uwe sawa nae. Napiga magoti pale pale kwenye maji, namshika mkono, namuuliza habari za usiku wake kabla sijamuuliza anaumwa wapi. Wengi wanalia. Si maumivu, ni kwamba siku nyingi hakuna mtu alomshika mkono, na hili mie bado sijalizoea na sitaki kulizoea.

Kinachoniumiza kwenye kazi hii ni foleni. Kumkabidhi mgonjwa spitali kunatakiwa kuchukue dakika 15, lakini kuna siku tunakaa nje ya mlango masaa na masaa mgonjwa yuko ndani ya gari kwa sababu vitanda vimejaa, na redio inaita kuna wagonjwa mtaani hawana gari. Unaisikia na huwezi kuondoka. Kuna simu za kundi la pili kwa uharaka, kama kiharusi na maumivu ya kifua, lengo lake la awali ni wastani wa dakika 18 na serikali yenyewe ikasogeza mpaka 30 kwa muda. Hii ni nchi tajiri yenye barabara za lami kila kichochoro.

Sasa niwahadithie usiku mmoja. Tuliitwa mzee kaanguka sebuleni hapumui. Tumefika mlango uko wazi, taa zote zimewashwa. Mkewe, rika la bibi yangu, mwembamba, yuko magotini anambinya mumewe kifua, simu kaiweka kwenye zulia spika imefunguliwa na dada wa kituo anamuhesabia, moja mbili tatu nne, endelea, usiache, wako mlangoni. Miwani yake imeanguka hakuiokota. Meza kaisukuma mwenyewe ili apate nafasi. Hakuacha hata tulipoingia, mpaka nilipopiga magoti upande wa pili na kuweka mikono yangu tayari, nikamwambia sasa niachie mimi, ndio akakaa nyuma akaanza kutetemeka. Tukambandika kifuani pedi za mashine ya moyo, mashine ikaonesha moyo unatetema ovyo, aina inayokubali kushtuliwa kwa umeme, tukashtua, tukaendelea kubinya, oksijeni, mshipa wa kupitishia dawa, adrenalini miligramu 1, kila dakika 2 tunaangalia upya. Moyo ukarudi. Tulimkabidhi spitali ana mapigo yake mwenyewe, na baada ya hapo sijui, mara nyingi hatuambiwi mwisho wake.

Lakini najua hili moja. Kama tungekuta kile kifua kimelala bila kubinywa muda wote ule, huenda mashine yetu isingekuta kitu cha kushtua. Kila dakika inayopita bila kubinywa wala kushtuliwa, nafasi ya mtu kurudi inapungua kwa karibu asilimia 10, na kwa simu za namna ile lengo la gari kufika ni wastani wa dakika 7. Pigeni hesabu wenyewe. Hata huku, pamoja na yote hayo, wanaosimama moyo nje ya spitali wakapona wakarudi nyumbani ni chini ya mmoja kati ya kumi, na katika hao wachache wengi walianziwa na mtu wa pembeni, mke, jirani, mpita njia. Mie nakuja wa pili. Mwenye nyumba ndio wa kwanza, na hili ndilo nililotaka kuwaambia watu wa kwetu.

Mana turudi nyumbani. Mzee wa presha kaporomoka barazani Micheweni, gari ya kumpeleka itafutwe, dereva aitwe, mafuta yawepo, mpaka Wete au Chake. Mtu wa Kojani ndio kwanza avushwe maji. Spitali tunazo, Abdalla Mzee pale Mkoani imejengwa upya nzuri, lakini dakika za mwanzo hazitokei spitali, zinatokea kwenye mkeka wako. Ipo namba 115 ya m-mama, ya bure, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, wanakutafutia ambulensi au dereva wa kijamii anaelipwa na mpango wenyewe, hiyo iandikeni ukutani kila nyumba yenye mja mzito. Ila yule mzee wa barazani haimuhusu, wa kwake ni nyinyi.

Mtu haitiki ukimtikisa, na hapumui, au anavuta pumzi moja moja ya kukoroma kisha kimya. Hapa wengi wanakosea wakasema bado anapumua, muacheni apumzike. Ile si pumzi, ni moyo umesimama. Mlaze chali chini pagumu, si juu ya godoro, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka, binya kina cha sentimita 5 mpaka 6, uachie kifua kirudi juu, kasi mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Najua kwetu mtu akifika hapo jambo la mwanzo ni kumsomea na kumtamkisha shahada, na siwezi kusema msifanye, na mie nataka kufanyiwa hivyo siku yangu ikifika. Lakini mmoja asome sikioni na mwengine abinye kifua, havigombani kabisa.

Mtoto alotolewa majini ndio linalonitia uchungu zaidi. Tumezoea kumning'iniza kichwa chini, kumbeba begani kumzungusha, kumkamua tumbo maji yatoke. Anaekufa maji anakufa kwa kukosa hewa, na ukimkamua tumbo anatapika na matapishi yanaingia mapafuni, unamuongezea. Kama hapumui mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 za mwanzo polepole uone kifua kinapanda, ndio ubinye kifua mara 30 na pumzi 2, 30 na pumzi 2, usiache mpaka apumue mwenyewe au upokewe. Sisi ni watu wa bahari jamani. Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikija Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa walioopoa watu usiku ule, sasa nani wa kuyajua haya kabla ya wavuvi?

Na msimu wa karafuu. Mtu kateleza juu ya mkarafuu, watu wanne wanamnyanyua huyu mikono huyu miguu, mwili umepinda kati kama machela iliyokatika, wanamkunja ndani ya gari. Kama uti wa mgongo umevunjika pale ndipo anapopoozwa. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisipinde popote na yeye ndio atoe amri, wengine wamgeuze kwa pamoja kama gogo, mtie ubao chini yake, mlango ukibidi, apakiwe na ubao wake.

Kiharusi kwa ufupi, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja haunyanyuki, maneno yamekorogeka, hapo usianze kutafuta nani kamuhusudu, angalia saa ilipoanza uiandike na aondoke sasa hivi, na asipewe maji wala uji mana atapaliwa. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tu, na si kila spitali inayo, lakini anaewahi ana cha kusaidiwa hata bila ya hiyo dawa.

Nilipokuja likizo tulijaribu haya kwa vitendo, barazani kwetu baada ya sala ya Isha. Mdoli wa kufundishia hatuna, tukachukua mto wa sufi tukaufunga kanga mpaka ukawa mgumu. Tukaona kuhesabu mpaka 30 kunawatia polepole, ukishafika kumi na moja maneno yanakuwa marefu na mkono unasubiri mdomo, basi tukahesabu moja mpaka kumi mara tatu, ikakaa sawa. Vijana wa boti, wenye mikono ya kuvuta nyavu, walikuwa wanakunja viwiko na kutumia nguvu za mikono, dakika moja wamechoka. Bi mmoja jirani, mdogo wa umbo, kanyoosha mikono akaegemea kwa uzito wa mwili wake wote, akenda dakika 2 nzima bila kupunguza kina. Tukawaambia vijana wamuangalie yeye.

Yeye huyo huyo ndio aloniuliza, "Na akiwa mwanamke je mwanangu, nani atamgusa?" Kabla sijafungua mdomo akajibu mwalimu wa chuo cha Kurani alokuwa kakaa pembeni, kasema dharura ina hukumu yake, akiwepo mwanamke anaejua abinye yeye, asipokuwepo abinye alokuwepo. Mie nikaongeza kuwa kumbinya hakutaki kumvua nguo, unabinya juu ya nguo zake. Siku ya pili wanawake wakataka darasa lao peke yao, uani, na bimkubwa alopiga magoti mbele ya ule mto alikuwa mama yangu mzazi.

Nikija tena, inshallah baada ya mfungo, nakuja na midoli ya kufundishia. Nataka tuanze Kojani na vijana wa boti za Wete, halafu wachumaji kabla karafuu hazijaanza. Nnachohitaji ni nesi au daktari wa huko huko kila sehemu asimamie na mie, mana mie ntaondoka na yeye atabaki. Kama unamjua mtu wa hivyo Konde, Micheweni, Mtambile au Mkoani nipe habari zake kwa ujumbe kwa idhini yake, na ongeeni na walimu wa vyuo mapema, Alkhamisi na Ijumaa watoto hawasomi kwa hiyo pahala pako wazi.