Wazo langu hakuliiba mtu, lilikufa lenyewe siku ya tatu

Nianze na hasira kwanza ndo nitulie. Kuna kaka mmoja alinitangulia miaka miwili chuoni, mjuaji wa kila kitu, aliposikia nimechaguliwa kambi ya ujasiriamali ya wanafunzi akanivuta pembeni kama ananipa siri ya serikali: "Dogo, wazo lako usimwambie mtu, huko watu wanaenda kuiba tu." Na mi mjinga nikalibeba hilo neno kama lilivyo. Siku ya kwanza tunajitambulisha, kila mtu anasimama anaeleza anafanya nini, zamu yangu nikasema "nafanya kitu kwenye sekta ya elimu" nikakaa. Watu kama 60 ukumbini, kimya. Jioni ikaja kuunda timu na hakuna hata mmoja aliyenifuata, sa utajiungaje na mtu asiyesema anafanya nini? Nikaangukia kwa waliobaki, binti mmoja wa uhasibu aliyechelewa kufika na jamaa wa uhandisi ambaye alikuwa amelala kwenye kiti wakati wenzake wanachaguana.

Kwahiyo usiku ule ikabidi niitoe hiyo siri. Aplikesheni ya kuwakutanisha wanafunzi wa somo moja wawe wanasoma pamoja. Nimeielezea dakika 15 na mikono naipunga. Binti wa uhasibu akaniangalia akasema, "Si ndo grupu la WhatsApp hilo?" Nilichukia! Nikamwambia hajaelewa.

Kesho yake tukatumwa nje kuongea na watu. Hiyo kitu wanaisisitiza kambi zote, imetokana na Steve Blank, Mmarekani aliyekuwa anawasukuma wanafunzi wake watoke nje ya jengo maana majibu hayako ndani. Nikatoka na dodoso langu zuri la maswali 12, na swali la 12 ndo nililipenda kuliko yote: "Je, ungetumia aplikesheni kama hii?" Nikahoji watu 41. Wangapi walisema ndiyo? 38! Nikarudi natembea kifua mbele, nishaanza kupiga hesabu za mapato.

Menta wetu alikuwa mama mtu mzima, haongei sana. Akasoma karatasi zangu taratibu, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa 38 wamelipa?"

"Bado mama, tunaweza kuanza bure kwanza halafu..."

"Rudi kwao leo leo. Waambie nafasi za kwanza zinalipiwa nusu sasa hivi. Chochote walichonacho, hata hela ya vocha."

Nikarudi. Jamani. Mmoja akasema hana salio, mwingine yuko bize, mwingine akaniona kwa mbali akageuza njia kabisa, huyo ndo alinipongeza jana akasema nitafika mbali. Waliotoa hela wawili tu, mmoja rumeti wangu (aliogopa kununiwa chumbani) na wa pili alidhani nachangisha safari ya darasa, alipojua akadai irudi. Ndo siku wazo langu lilipokufa. Na wezi wenyewe hawakutokea, hakuna hata mmoja aliyetaka kuliiba, mpaka nikaona kama nimedharauliwa.

Menta hakunionea huruma. Alitupa mfano wa M-Pesa, kwamba kwenye majaribio ilikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo midogo, ila watu wakawa wanaitumia kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, wahusika wakayafuata matumizi hayo na ilipozinduliwa 2007 ikaja na habari ya kutuma pesa. Akasema acheni kuuliza watu wangependa nini, ulizeni mara ya mwisho walipokwama walifanyaje. Swali hilo moja limezidi maswali yangu yote 12, kama unaenda kuhoji watu liandike mkononi.

Basi tukaenda kukaa kwenye foleni. Asubuhi ya siku ya kukusanya kazi, nje ya steshenari inayoprinti, watu kama 30 na printa mbili moja imekwama karatasi. Jamaa mmoja kashika flashi kwa meno huku anachomeka shati, tukamuuliza mara ya mwisho asaimenti ilimtesa wapi. Akasema kuiandika haijawahi kumtesa, kinachomtesa ni hapa, muhula uliopita alikatwa maksi kwa kuchelewa dakika 20 na kazi alikuwa ameimaliza tangu jana yake mchana. Tukauliza wa nyuma yake, hadithi ileile. Binti wa uhasibu anaandika tu kwenye daftari, na mi nikamgeukia nikasema "sawa, ulikuwa sahihi kuhusu grupu la WhatsApp", nilihisi nimemeza mwiba.

Sa hapa ndo pananoga. Wenzetu timu zingine zote wako kwenye kompyuta wanachora skrini za aplikesheni na kubishana rangi za batani. Sisi hatuna wa kutengeneza aplikesheni, jamaa wa uhandisi ni wa ujenzi, anajua zege. Menta akatusimulia habari ya Nick Swinmurn, aliyeanzisha duka la viatu la mtandaoni lililokuja kuitwa Zappos, mwaka 1999. Hakununua stoo ya viatu. Alienda kwenye maduka akapiga picha viatu vyao, akaziweka mtandaoni, mtu akiagiza anarudi dukani ananunua kile kiatu kwa bei ya duka anamtumia. Anakula hasara lakini anajua watu wananunua viatu bila kuvijaribisha. Nikasema basi na sisi tutakuwa aplikesheni wenyewe.

Tukatangaza kwenye magrupu ya madarasa: tuma faili usiku, chukua kazi yako imeprintiwa mlangoni kwa darasa asubuhi, unalipa kabla. Mwenye steshenari tukaongea nae atufungulie saa moja kabla ya watu, akakubali kwa kamisheni kidogo, sikumbuki vizuri tulimpa ngapi lakini haikuzidi bei ya kurasa tatu nne kwa kila oda. Na jamaa wa uhandisi, aliyekuwa analala kila mahali, kumbe usiku halali kabisa! Tukamkabidhi simu. Kila faili likiingia anajibu kwa vidole vyake, "Ndugu mteja, faili lako limepokelewa. Oda namba 007." Ndani ya sekunde tano. Kuna mteja akaandika "huu mfumo wenu uko fasta aisee, mmetumia roboti gani?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Saa 8 usiku mwingine akauliza kama mfumo unaruhusu kubadilisha jalada, jamaa akasubiri kidogo makusudi, akaandika "Tafadhali subiri, ombi lako linachakatwa", huku anatafuna kalamu.

Aibu pia ilikuwepo. Oda moja ilikuwa ripoti ya kurasa 64, katuma kwenye Word, kompyuta ya steshenari haina fonti yake, kila kitu kikasogea, majedwali yamekatika katikati na yaliyomo yanasema ukurasa wa 12 wakati mambo yako wa 15. Hatukuangalia. Tumebaindi kabisa, tumempelekea, akafungua mbele ya darasa... sitaki hata kukumbuka. Tulirudia yote kwa hela yetu na faida ya siku tatu ikaishia hapo. Tangu siku hiyo PDF tu, hata uje unalia. Na kitu kingine ambacho binti alikiona mapema kuliko sisi, ukishaprinti futa faili mbele ya mteja, maana kazi ya mtu ikivuja kwa mwenzake umekwisha.

Kujaza ile Business Model Canvas ya Alexander Osterwalder, karatasi moja yenye viboksi tisa ya kueleza biashara yako inavyofanya kazi, ilikuwa nusu saa tu, kwa sababu tulikuwa na vitu vya kuandika. Wengine walikesha nayo siku mbili.

Siku ya kupichi, yaani kuelezea biashara yenu mbele ya majaji, mi nilikuwa na slaidi 23, najiona mtaalamu. Kuna kanuni ya Guy Kawasaki, mwekezaji na mwandishi wa Marekani, slaidi 10, dakika 20, maandishi saizi isipungue 30, na sisi tumepewa dakika 5, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Tukabaki na sita. Sauti ilinikauka slaidi ya pili. Jaji mmoja akauliza swali nililokuwa naliogopa wiki nzima: "Mwenye steshenari akiamua kufanya mwenyewe, nyie mnabaki na nini?" Nikaanza kuongea vitu visivyo na kichwa wala miguu, teknolojia, ubunifu, nini na nini. Binti wa uhasibu akanipokonya kipaza sauti, akatoa lile daftari lina madoa ya wino akampelekea jaji mkononi. "Oda 86 kwa wiki mbili, wateja 31 wamerudi zaidi ya mara moja, hao wana namba yetu sio yake. Na hasara ya ripoti ile iko ukurasa wa tisa, hatujaificha." Jaji akafunua ukurasa wa tisa kweli. Akacheka, akampa jaji mwenzie.

Tulishika nafasi ya tatu. Aplikesheni iliyoshinda ilikuwa nzuri kweli, nikiri. Hela ya zawadi ilichukua muda mrefu kuingia, yaani usije ukakopa ukitegemea hizo hela, ila ile hundi kubwa ya kadibodi tulipewa palepale, na haikupita mlango wa bweni mpaka tuilaze kiubavu. Sa hivi iko nyuma ya kitanda changu, rumeti anapangia viatu juu yake, na ile hela yake ya nafasi ya kwanza bado ananidai.