Kuku 24, gramu 110 na testi niliyoibofya kwa uvivu

Mdogo wangu anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, Kihonda, hapa Morogoro. Mwezi wa saba alichoshwa na bei ya chakula cha dukani, akaamua kuchanganya chake: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga, na mengine aliyoelekezwa na jirani. Vifaranga 12 akawapa cha dukani, 12 akawapa cha kwake. Siku ya 35 akaazima mzani buchani, akawapima mmoja mmoja na kuandika kwenye daftari. Jioni akaja nalo kwangu.

"Dada, si wewe unawachakatia watu data za tasnifu? Niambie basi, chakula changu kimeshinda au bado?"

Ni kweli, kazi hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Wateja wangu wakifika, swali lao la kwanza ni "nitumie testi gani?", yaani hesabu gani ya takwimu ya kupima kama tofauti ni ya kweli au ya bahati tu, nami huwajibu kwa madaha kwamba testi huchaguliwa siku ile unapokusanya data, wala si siku unapofungua kompyuta. Maneno mazuri. Jioni ile nilikuwa nimechoka, yakanitoka kichwani.

Daftari lilikuwa na safu mbili: kushoto kuku wa chakula cha dukani, kulia wa chakula cha nyumbani, na kila safu ameipanga kuanzia kuku mwepesi hadi mzito. Nikazinakili zilivyo kwenye jamovi, ambayo ni programu ya bure. Sasa, ukitaka kulinganisha makundi mawili tofauti, jamovi inakudai uzito wote ukae kwenye safu moja, na safu nyingine itaje kila kuku ni wa kundi gani. Kupanga upya nikaona uvivu. Safu zangu zilikuwa tayari ubavu kwa ubavu, kama inavyotaka testi ya t ya jozi, inayolinganisha vipimo viwili viwili. Nikabofya hiyo.

Tofauti ya wastani: gramu 110, chakula cha nyumbani kikiwa juu. Thamani ya p, ile inayoonyesha bahati tupu ingeleta tofauti kama hiyo mara ngapi, chini ya 0.001. Na d ya Cohen, ule ukubwa wa athari (tofauti ya wastani ikigawiwa kwa mtawanyiko) ambao wasimamizi wa tasnifu wanaudai siku hizi, ikasoma 2.5. Mdogo wangu alishaanza kumpigia simu jirani.

Hiyo 2.5 ndiyo iliyonishtua. Mtakwimu Jacob Cohen alipopendekeza vipimo vyake aliita 0.2 ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa, na mwenyewe akaonya kwamba ni vya kushikilia pale tu usipokuwa na kitu bora zaidi. Kupata 2.5 kwa sababu ya dagaa? Nikarudi kwenye daftari, aibu ikanishika. Testi ya jozi ni ya mtu yuleyule aliyepimwa kabla na baada, au mapacha, au macho mawili ya mgonjwa mmoja. Kuku wa kwanza kushoto na kuku wa kwanza kulia hawana undugu wowote. Wamekutana kwa kuwa kila mmoja ni mwepesi kuliko wenzake. Kwa vile safu zilipangwa kwa uzito, tofauti za jozi zote zilikaribiana, mtawanyiko wake ukawa kama gramu 44 tu, na 110 ukiigawa kwa 44 unapata 2.5. Programu iligawa sawasawa kabisa. Ilichogawiwa ndicho hakikuwa na maana.

Nikapanga upya. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, wa kila kundi ulikuwa karibu gramu 140, kwa hiyo d ni 110 kwa 140, yaani 0.79. Testi ya Welch, aina ya testi ya t kwa makundi mawili tofauti ambayo haitaki makundi yawe na mtawanyiko sawa, ikatoa t ya 1.92 na p ya 0.067. (Mimi hutumia Welch moja kwa moja. Programu ya R inaiweka kama chaguo la kawaida, ya SPSS inakupa mistari miwili uchague mwenyewe, na katika jamovi inabidi uiweke tiki.)

"Kwa hiyo nimeshindwa," akasema.

Hapo ndipo wateja wangu wengi wanapoandika "hakuna tofauti" na kufunga sura. Hiyo 0.067 inasema hivi: kama vyakula viwili vingekuwa sawa kabisa, tofauti ya kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati karibu mara 7 katika kila majaribio 100. Haisemi gramu ngapi. Gramu zimo kwenye mipaka ya asilimia 95, yaani tofauti zinazokubaliana na data, ambayo programu inaichapa pembeni na watu wanaifuta: kuanzia 9 pungufu hadi 229 zaidi. Kwa kuku 24, data inakubaliana na hasara kidogo, na inakubaliana pia na karibu robo kilo ya faida kwa kila kuku. Anayeuza kwa kilo atajua lipi linamhusu. Testi ya t yenyewe ilitoka kwenye shida ya namna hii: William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alikuwa na sampuli ndogo ndogo za kufanyia uamuzi, akaichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia, Student.

Nilidhani tumemaliza. Kisha nikauliza kuku walikuwa wanalala wapi.

Banda lina vyumba viwili. Waliokula cha nyumbani walikaa upande unaopakana na ukuta wa jiko la mama, ambalo huwaka tangu alfajiri. Wenzao walikuwa upande wa upepo, na baridi ya Julai inayoshuka kutoka Uluguru mnaijua. Basi zile gramu 110 ni za dagaa au za jiko? Kuku 12 wanaoshiriki chumba kimoja, chombo kimoja cha maji na joto moja si mashahidi 12. Kwa swali la chakula nina chumba kimoja kwa kimoja, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo.

Nikamchorea vyumba vidogo vinane nyuma ya daftari, vinne vya kila chakula, tutapiga kura kipi kipate nini. Akauangalia mchoro kwa muda.

"Mabanzi utanunua wewe?"