Wanaosema "osha damu tu, inatosha" wananichosha

Ukianza kazi ya kinga ya ubongo, ushauri wa kwanza utakaopewa ni huu: pitisha maji ya chumvi ya baridi kupitia moyo wa panya kuosha damu hadi ini lipauke, na kila seli utakayoikuta ubongoni baada ya hapo ni ya ubongoni. Mkubwa wangu wa maabara, hapa Ujerumani, alinieleza hivyo kwa sauti ya mtu asiyebishiwa.

Mimi nafuatilia seli T za kumbukumbu, yaani seli za kinga, zinazotambua MOG, protini ya mayelini (ala ya mafuta inayofunika neva), kwenye panya wenye EAE, ugonjwa wa maabara unaofanana na multiple sclerosis, ambapo kinga ya mwili hushambulia ubongo. Swali langu: zinaamkia wapi? Nilizipa jeni ya mwanga wa kijani inayofuata Nur77, jeni inayowashwa seli T inapoamka, hivyo kipokezi cha seli kikiguswa, seli inawaka.

Basi tukaosha, ini likapauka vizuri kabisa, na kundi kubwa la seli likatoka bila mwanga. Ofisi nzima ikafurahi: "Hizi ndizo kumbukumbu zilizolala ubongoni!" Slaidi zikatengenezwa, na mshale mwekundu juu.

Mimi roho ilikataa. Inajulikana kwamba kwenye EAE seli T hutambaa kwenye kuta za mishipa, upande wa ndani, zimeng'ang'ania. Maji ya chumvi yatazing'oaje? Nikachukua kingamwili yenye rangi inayoshika CD45, alama iliyo juu ya seli nyeupe zote, mikrogramu 3 hivi, nikaichoma kwenye mshipa wa mkia, nikasubiri dakika 3, nikavuna. Kilichomo kwenye damu kinapakwa rangi. Kilichokwisha vuka ukuta kinabaki safi. Waliolala? Wengi wao walitoka na rangi kama watoto waliokamatwa na embe mdomoni. Ile slaidi ilifutwa kimyakimya.

Chukua na damu ya panya huyohuyo kila mara. Seli zake zisipopakwa karibu zote, ujue ulikosa mshipa, tupa, usijidanganye. Na utando wa nje, ule unaobaki umegandamana na fuvu, ubandue uuchunguze peke yake, maana mishipa yake inavuja na rangi hupenya.

Kuna wengine watakwambia tazama CD69, alama nyingine ya juu ya seli, inatosha kuonyesha seli imeamka. Seli za kumbukumbu zilizohamia kwenye tishu huibeba CD69 hata zikiwa zimetulia! Hiyo ni alama ya mkaazi, si ya aliyeamka.

Kuhusu vimeng'enya vya kulainisha ubongo kwenye nyuzi 37: ukitaka kusoma RNA, viogope, vyenyewe huwasha jeni zinazoamka haraka, Nur77 ikiwemo. Mimi nasaga juu ya barafu, kisha Percoll, kimiminika cha kutenganisha seli. Mafuta ya mayelini yanaelea juu, nyonya yote bila huruma.

Nur77 nayo ina ila yake: ule ukijani hudumu saa nyingi, kwa hiyo seli inaweza kuguswa pembeni, nje ya ubongo, halafu ukaikuta inawaka ndani. Anayetaka kuona tukio lenyewe atumie kihisi cha NFAT, protini inayokimbilia kiini cha seli pale kipokezi kinapoguswa, kama walivyofanya watafiti wa Göttingen mwaka 2013. Kinaingia kwenye kiini ndani ya dakika chache tu, ukitazama kwa darubini ya fotoni mbili, inayoona ndani ya tishu hai. Darubini hiyo inauzwa kwa mamia ya maelfu ya yuro, na zamu za mchana zina wenyewe. Mimi nimejiandikisha usiku.