Vipuri vya boksi lililofunguliwa: ninachonunua na nisichogusa

Karibu nusu ya kompyuta ninayoandikia hapa ilitoka kwenye maboksi yaliyokwisha kufunguliwa na mtu mwingine. Kadi ya michoro (inayotengeneza picha za skrini), kipoza cha prosesa (ubongo wa kompyuta), kasha lenyewe na monita, vyote kuna mtu alivilipia, akavitoa, akavijaribu au asivijaribu, kisha akavirudisha. Pawa saplai (inayogawa umeme kwa vipuri vyote) na mazabodi (bodi kuu vinapounganishwa vipuri) nilizinunua mpya, kwa bei kamili, na sikuona uchungu. Mgawanyo huo nimeufikia baada ya miaka mingi ya kuunda kompyuta zangu na za ndugu zangu, na kwa kuwa kila anayetaka kubana matumizi huniuliza swali lile lile, vipuri vipi anunue vikiwa vimefunguliwa na vipi aviache, leo nalijibu kwa urefu.

Bidhaa ya boksi lililofunguliwa ni ile iliyouzwa ikiwa mpya, mnunuzi akaifungua, ikarudi kwa muuzaji, na sasa inauzwa tena mtandaoni kwa punguzo. Usiichanganye na kifaa kilichokarabatiwa. Kilichokarabatiwa kinatakiwa kiwe kimepita mikononi mwa fundi aliyekipima na kubadilisha kilichoharibika. Cha boksi lililofunguliwa mara nyingi kimetazamwa kwa macho tu, kikabandikwa stika nyingine na kurudi rafuni. Maneno "kama kipya" kwenye tangazo yanaeleza sura yake. Hayakuambii kama kiliwahi kuwashwa.

Na sababu za kurudishwa ni nyingi mno. Mmoja amekuta kipoza ni kirefu kuliko kasha lake. Mwingine ameona bei imeshuka kwingine. Wa tatu kadi ilikuwa inazima skrini kila akicheza mchezo mzito, naye hakuandika hivyo kwenye fomu ya kurudisha. Wa nne ameweka kadi yake ya zamani ndani ya boksi jipya na kubaki na ile nzuri. Wote hao wanne bidhaa zao zinarudi sokoni zikiwa na maelezo yale yale. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini mimi naona inategemea umenunua kipuri gani, kwa hiyo kabla ya kutazama bei najiuliza mambo mawili: kama kifaa hiki ni kibovu, ubovu utajionyesha kabla siku za kurudisha hazijaisha? Na ukijionyesha, utaondoka na kitu gani kingine?

Pawa saplai inashindwa maswali yote mawili, ndiyo maana siinunui kwa njia hii hata ikiwa nusu bei. Pawa saplai mbovu inaweza kufanya kazi vizuri kwa miezi, halafu siku moja ikapeleka umeme usio sawa kwenye kila kitu kilichounganishwa nayo. Lakini hatari inayonisumbua zaidi ni nyaya. Pawa saplai nyingi za siku hizi zina nyaya za kuchomoa pande zote mbili. Upande unaoingia kwenye mazabodi au diski una mpangilio wa pini unaofuata kanuni moja kwa watengenezaji wote. Upande unaoingia kwenye pawa saplai yenyewe hauna kanuni. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake, na hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana, ingawa plagi inaingia bila shida yoyote. Sasa fikiria aliyerudisha alikuwa na pawa saplai mbili mezani akachanganya nyaya. Wewe unaunganisha waya wa diski kwa nia njema, volti 12 zinapita kwenye njia ya volti 5, na diski zako zinakufa kwa pamoja na kila kilichokuwemo. Hakuna punguzo linalolipa picha za familia. Tena pawa saplai nzuri huja na waranti ya miaka 7 hadi 10, na waranti hiyo ni sehemu kubwa ya unachokilipia. Ile alama ya 80 Plus isikuridhishe hapa, maana inapima ni umeme kiasi gani unapotea njiani na haisemi lolote kuhusu usalama wa kifaa kilichorudishwa.

Mazabodi nayo naikwepa, kwa sababu ya soketi, yaani pale prosesa inapokaa. Prosesa za mezani za Intel zilihamishia pini kwenye mazabodi mwaka 2004, na AMD wakafanya hivyo kwa prosesa zao za kawaida mwaka 2022 walipoleta soketi ya AM5 yenye pini 1718. Pini hizo ni nyembamba kiasi kwamba kitambaa kikizigusa zinapinda. Ubaya ni kwamba mazabodi yenye pini moja iliyopinda inaweza kuwaka kabisa. Unaweka Windows, unafurahi, halafu unagundua nusu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) haionekani, au mlango mmoja wa kadi ya michoro unafanya kazi kwa kasi ndogo. Ukiirudisha, unaulizwa: nani kapinda pini? Watengenezaji wengi huhesabu pini zilizopinda kuwa uharibifu wa mtumiaji, nje ya waranti.

Jambo hili lilitokea hadharani mapema mwaka 2022. Gamers Nexus, wale wanaopima vifaa vya kompyuta kwa video, walikuwa wamenunua mazabodi ya boksi lililofunguliwa kutoka duka la mtandaoni la Newegg, wakairudisha bila hata kuifungua. Newegg wakakataa kurudisha pesa wakidai soketi imeharibika. Gamers Nexus walipopata mazabodi ile mkononi, waliikuta na alama zilizoonyesha kwamba ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mtengenezaji, Gigabyte, kabla hawajauziwa, na kwamba uharibifu ulikuwa unajulikana. Kelele zilipokuwa kubwa pesa zilirudi, na Newegg wakatangaza utaratibu mwepesi zaidi wa kurudisha mazabodi na prosesa za aina hii. Ninachokitazama kwenye kisa hicho ni ukubwa wa sauti iliyohitajika. Wao wana mamilioni ya watazamaji. Mimi na wewe tuna barua pepe ya huduma kwa wateja.

Kama lazima ununue mazabodi hivi, tazama soketi kwa tochi ya simu ukiielekeza kutoka pembeni, ili pini zing'ae kwa mistari iliyonyooka. Iliyopinda itavunja mstari. Fanya hivyo kabla hujaweka prosesa, kamera ikirekodi. Halafu hesabu vidogo vidogo: bati la milango ya nyuma kama halikushikana na mazabodi, antena za Wi-Fi, skrubu ndogo ya kushikilia SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka). Skrubu hiyo ndiyo inayopotea zaidi.

Prosesa ni hadithi yenye pande mbili. Prosesa huharibika mara chache sana, na kwa kawaida ningesema nunua tu, ukikagua pini kama ni prosesa za AM4, soketi ya AMD iliyotangulia AM5, ambazo pini zake ziko chini ya prosesa yenyewe. Lakini kuna kundi moja nisiloligusa: Core i7 na i9 za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 cha Intel. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba baadhi ya prosesa hizo zilikuwa zinapata volti ya juu kupita kiasi na kuchakaa mapema. Walitoa masahihisho kupitia BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza waranti kwa miaka miwili, lakini masahihisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kudhurika. Dalili zake ni za kukatisha tamaa: mchezo unajifunga, faili iliyobanwa inakataa kufunguka, programu inalalamika kwamba kadi ya michoro haina kumbukumbu ya kutosha wakati kadi ni nzima. Mtu aliyechoshwa na hayo angefanya nini kama bado ana siku za kurudisha? Angerudisha. Ndiyo maana prosesa hizo kwenye rafu ya boksi lililofunguliwa sizitaki, labda namba yake imethibitishwa kuwa bado ina waranti ya Intel yenyewe.

Sasa nije kwenye ninavyovipenda. Kadi ya michoro ndiyo niliyookoa nayo pesa nyingi kuliko kipuri kingine chochote, na watu hushangaa kwa sababu ndiyo wanayoiogopa zaidi. Naipenda kwa sababu haiwezi kuficha maradhi yake kwa muda mrefu. Ukiipa kazi nzito inayojaza kumbukumbu yake na kuipandisha joto, kadi mbovu kwa kawaida hulia siku hiyo hiyo: mistari ya rangi kwenye skrini, dirisha linaganda, feni zinapiga kelele za ajabu. Ikifika, kwanza nalinganisha namba ya siriali kwenye kadi na ile iliyo kwenye boksi. Zikitofautiana, sijaribu hata kuiwasha, inarudi. Kisha natazama skrubu zinazoshikilia kipoza. Skrubu yenye mikwaruzo au stika iliyotobolewa maana yake kuna mtu aliingia ndani. Nakagua plagi ya umeme kwa macho pia, hasa zile ndogo za pini 16 zilizo kwenye kadi ya Nvidia ya RTX 4090 ya mwaka 2022, ambazo baadhi ziliyeyuka kwa watumiaji. Weusi au plastiki iliyolegea hapo ni sababu tosha. Baada ya hapo nafungua programu ya GPU-Z, ambayo hutambua kadi nyingi zilizobadilishwa majina, nazindua programu ya OCCT kupima kumbukumbu yake, na jioni nzima naiachia mchezo mzito huku nikitazama joto.

Wengi huuliza kuhusu kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum, moja ya sarafu hizo, iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi mno zikamwagika sokoni. Kwangu kadi iliyochimba si lazima iwe mbaya. Feni na pedi za joto ndizo zinazochakaa kwanza. Tatizo ni kuuziwa hiyo kwa bei ya iliyorudishwa baada ya wiki moja. Vumbi lililoshikana katikati ya mapezi ya kipoza halijai kwa wiki moja.

RAM sina mengi. Programu ya kuipima, MemTest86, usiku kucha, kosa moja tu linatosha kuirudisha, na hakikisha vijiti vyote ni vya seti moja, maana kuna anayerudisha kimoja chake na kimoja cha zamani.

Kwa SSD na diski, kifaa chenyewe kina shajara. Programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au amri ya smartctl, itakuonyesha saa ambazo imewashwa na data iliyoandikwa tangu kiwandani. SSD ya terabaiti (TB) 1 mara nyingi hukadiriwa uandishi wa TB 600, kwa hiyo aliyeijaribu wikendi moja hajakunyima chochote. Nikikuta saa elfu kadhaa, hiyo haikuwa ya boksi lililofunguliwa, ilikuwa kazini. Diski za kuzunguka zinahitaji uangalifu zaidi, maana shajara inaweza kufutwa. Mapema mwaka 2025 wanahabari wa Heise huko Ujerumani waliripoti diski za Seagate zilizouzwa zikiwa mpya, hesabu ya saa ikiwa imerudishwa sifuri, kumbe zilikwisha tumika kwa maelfu ya saa. Zilijulikana kwa kumbukumbu ya pili ambayo Seagate huiita FARM, na matoleo mapya ya smartctl yanaisoma. Ikiwa saa za sehemu hizo mbili hazikubaliani, huhitaji ushahidi mwingine.

Kuhusu bei, usiamini ile iliyokatwa kwa mstari. Tafuta bei ya chini kabisa ambayo kifaa hicho kinauzwa kikiwa kipya wiki hiyo, na ulinganishe na hiyo. Mara nyingi punguzo la asilimia 25 kwenye tangazo linabaki asilimia 8. Toa gharama ya kurudisha kama muuzaji hailipi, toa bei ya kile kilichokosekana ndani ya boksi. Mimi ikibaki chini ya asilimia 15 nachukua kipya, isipokuwa ni kasha au kipoza, ambavyo huwa vinaharibika boksi tu safarini na vyenyewe vimekaa salama.

Halafu soma waranti kabla ya kulipa. Kuna watengenezaji wanaohesabu tangu tarehe ya kutengenezwa, kuna wanaodai risiti ya mnunuzi wa kwanza, na kuna wanaoshughulika na namba ya siriali tu bila kujali nani anayo. Namwandikia muuzaji swali moja: waranti ya mtengenezaji ingalipo, na inaisha lini? Asiyejibu kwa maandishi simpi pesa. Pia natazama kama anayeuza ni duka lenyewe au mtu aliyepanga rafu ndani ya soko la duka hilo, kwa sababu sheria za kurudisha mara nyingi si zile zile.

Mzigo ukifika narekodi video moja isiyokatwa, kuanzia karatasi ya anwani juu ya boksi mpaka namba ya siriali ya kifaa. Najaribu siku hiyo hiyo, kamwe siweki kando nikisubiri vipuri vingine vifike, maana siku za kurudisha zinahesabiwa hata kama kifaa kimelala kabatini. Boksi, mifuko na vifungo vyote nabaki navyo hadi muda huo upite, na siku chache kabla haujaisha nafanya jaribio la mwisho la joto. Likipita salama, nasajili namba ya siriali kwa mtengenezaji na kuhifadhi risiti pamoja na ile video.