Tabora hadi Kigoma na oksijeni-28

Treni ilipofika Urambo, behewa zima lilikuwa limelala isipokuwa mimi na mama mmoja aliyepakata chungu kilichoviringishwa kanga. Nilikuwa ninakwenda Kigoma kufundisha kidato cha sita fizikia ya viini, na kwa tochi ya simu nilikuwa ninasoma habari iliyotoka mwaka 2023.

"Mwalimu, ni kitu gani hicho kilichokufukuzia usingizi?"

"Oksijeni, Mama."

Tunayoivuta, kiini cha atomi yake kina protoni 8 na mara nyingi nyutroni 8. Katika maabara ya RIKEN, mjini Wako, Japani, watafiti walipata yenye nyutroni 20, yaani oksijeni-28: namba hiyo ni jumla ya protoni na nyutroni. Ningetarajia kiini hicho kishikamane, maana 8 na 20 ni namba ambazo kwa kawaida huviimarisha viini. Hakikushikamana. Walirusha viini vya florini-29 kwenye haidrojeni iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, protoni moja ikang'oka, kikabaki oksijeni-28, na papo hapo kikasambaratika: oksijeni-24 na nyutroni 4.

"Kama hakikukaa, wamejuaje kilikuwapo?"

Nikamwonyesha chungu chake. Kikivunjika, ukiokota vigae vyote ukavipanga, utajua kilivyokuwa. Wale walipima mwendo na mwelekeo wa kila kipande, kisha wakakokotoa nishati viliyogawana vilipoachana. Vipande vikikutana kwa bahati tu, nishati hutawanyika. Vikitoka kwenye kiini kimoja, matukio hulundikana mahali pamoja, na mlundikano huo ndio rezonansi. Wao waliuona penye MeV 0.46 hivi, MeV ikiwa kipimo cha nishati za viini.

Tulikuwa tumeshapita Kaliua aliponiuliza tena, na mimi nilidhani amelala.

"Na kigae kimoja kikipotea?"

Swali hilo ndilo roho ya jaribio lote! Nyutroni haina chaji, inaweza kupenya kigunduzi isiache alama yoyote. Nyingine hugonga mahali pawili, ukadhani ni mbili. Kuzinasa nne kwa mpigo, na kuwa na hakika kwamba ni nne kweli, ni kazi ya subira kubwa mno, na kwangu inastahili heshima kuliko hesabu zenyewe.

Aliteremka Uvinza kukipambazuka. Nilimpitishia chungu dirishani, akakipokea kwa mikono miwili.

Ziwa lilipojitokeza, daftari langu lilikuwa limejaa mistari iliyofutwa. Somo la kesho sasa linaanza na kigae kilichopotea.